Wapanda baiskeli wa Tanga wana deni Muheza

Anayeijua Tanga anajua baiskeli. Mji umekaa tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na mama wa makamo aliyejifunga khanga hupita akikanyaga pedeli kwenda sokoni bila mtu kugeuka kumtazama. Wageni ndio hushangaa.

Lakini baiskeli hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Kabla bodaboda hazijajaa, na katika baadhi ya vijiji vya ndani hata sasa, hiyo ndiyo gari la wagonjwa. Mama hukaa ubavu kwenye keria, mtoto kamfunga kifuani, homa imempanda na macho yamelegea. Baba anakanyaga, kwenye mwinuko anashuka na kusukuma. Wakifika hospitali, muuguzi anavuta kope la chini la mtoto kwa kidole gumba. Akiona weupe pale panapotakiwa kuwa na wekundu, haulizi maswali mengi. Malaria imekula damu, na damu nyingine inatafutwa upesi.

Kwa miaka mingi safari hizo zimeishia Bombo pale mjini, Hospitali Teule ya Muheza, au Magunga kule Korogwe. Watoto waliopona kwenye wodi hizo leo ni watu wazima, wenye watoto wao. Wengi hawajui kuwa mbili kati ya hospitali hizo, Teule na Magunga, zilisaidia kubadili tiba ya watoto duniani.

Kati ya 2005 na 2010, Teule na Magunga zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi tisa za Afrika vilivyolinganisha dawa mbili za malaria kali. Kwinini, iliyozoeleka, ilitolewa kwa dripu la saa kadhaa, tena mara tatu kwa siku, na ilikuwa na tabia ya kushusha sukari ya mtoto. Artesuneti ilikuwa sindano fupi isiyohitaji dripu, ingawa nayo ilirudiwa. Watoto 5,425 walishiriki. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Utafiti wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu ulipinga jambo ambalo madaktari wengi waliliamini. Mtoto mwenye homa kali ambaye mikono imekuwa ya baridi na mzunguko wa damu umedhoofu alipaswa, kwa mafunzo ya wakati ule, kupewa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Teule ilijiunga na Kilifi ya Kenya na hospitali nne za Uganda, ambazo ni Mulago, Soroti, Mbale na Lacor, kulipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,000. Mwanzoni mwa 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, zaidi ya 10 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki kama saba. Leo mtoto anayeletwa na hali hiyo katika hospitali isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi hutibiwa kwa tahadhari kubwa zaidi, na chanzo cha tahadhari hiyo ni pamoja na wazazi wa Muheza waliokubali watoto wao washiriki wakiwa katika saa ngumu kuliko zote. Wengine waliondoka na mtoto. Wengine waliondoka na maiti. Wote wanatudai asante.

Tunaweza kuwashukuru kwa safari ya baiskeli ya kuchangia hospitali, na hilo si wazo geni. Tangu 2019 msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kwenda alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ukitoa huduma za afya njiani. Mbio za hisani za benki ya CRDB, zilizoanza 2020, zina mashindano ya baiskeli, na fedha zake zimesaidia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Huko Massachusetts, Marekani, wapanda baiskeli 36 walianza safari yao ya kuchangia tiba ya saratani mwaka 1980. Hadi leo maelfu hupanda kila mwaka.

Sasa zamu ya Tanga. Njia ipo tayari: kutoka Bombo, kupitia Pongwe na Ngomeni, hadi Muheza kwenye machungwa. Wenye mapaja ya chuma waendelee kupitia Segera hadi Magunga. Siku inayofaa ni ya Juni, masika yakishakatika na jua halijawa kali. Ndiyo pia majira ambayo wodi za watoto hujaa malaria na damu huadimika.

Kwa hiyo mchango wa kwanza uwe damu. Asitoe aliyetoka kutokwa jasho kilomita zote hizo. Watoe waliokuja kushangilia pembeni ya barabara, wanafunzi wa sekondari waliofikia umri, wauza machungwa, waumini baada ya ibada. Wauguzi wenyewe waulizwe fedha za wafadhili zinahitajika wapi: huenda ni mashine ya oksijeni, huenda ni magodoro. Na pawe na nafasi ya wauguzi wastaafu wa wodi hizo kusimama mbele, watajwe na wapigiwe makofi.

Vyama vya baiskeli vya Tanga, halmashauri za Jiji, Muheza na Korogwe, na wewe uliyewahi kupelekwa hospitali kwenye keria: kaeni mkutane mapema, kabla masika hayajaanza.