Wageni wa Julai

Ukitaka kuiona Ifakara ikiwa imevaa nguo za sikukuu, njoo Julai. Mpunga umevunwa, magunia yamepangwa nje ya mashine yakingoja zamu ya kukobolewa, harusi zinafuatana Jumamosi hadi Jumamosi, na asubuhi upepo unashuka kutoka Milima ya Udzungwa ukiwa na baridi ya kutosha kuwatoa watu na masweta. Barabara zinapitika. Mbu wamepungua. Ulaya na Marekani nako ni likizo ya kiangazi, kwa hiyo ndio wakati vijana wa makanisa ya huko wanapofunga mabegi na kuja Afrika kwa wiki mbili au tatu za utume.

Arusha na Moshi ndiko wanakojaa zaidi, lakini bonde la Kilombero nalo lina fungu lake, na siku yao inafanana popote walipofikia. Tofauti iko kwa anayeisimulia. Wao wakisimulia, siku inaanza na jua. Jikoni parokiani inaanza saa kumi alfajiri, mama wa jiko anapochochea moto wa maji: ya kuoga kwenye ndoo, ya chai, na ya kunywa, ambayo yatachemka, yapoe, yachujwe, ndipo yaingie kwenye chupa. Wageni kumi wanakunywa maji mengi kuliko nyumba ya mapadri inavyotumia siku za kawaida. Kisha chapati, mayai, ndizi, na kukumbuka nani hali nyama na nani karanga zinamdhuru.

Baada ya misa na kifungua kinywa, kila mmoja anameza kidonge chake cha kinga ya malaria, anajipaka mafuta ya kuzuia jua, wanashikana mikono kwenye duara na kusali. Gari la parokia linawapeleka kigangoni. Kazi mara nyingi ni kupaka rangi darasa, kusogeza matofali, kucheza na watoto. Pembeni yao yupo kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, aliyeitwa kutafsiri kwa sababu Kiingereza chake cha kidato cha nne kilibaki kichwani. Ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote. Anatafsiri katekista anaposhukuru, anatafsiri mgeni anapouliza kwa nini watoto hawako darasani, na hapo inabidi atafute jibu la adabu, maana likizo ya Juni imekwisha, shule zimefunguliwa, na vipindi vimesimama kwa ajili ya mgeni huyohuyo.

Mchana ni wali na samaki, perege au kambale, na ubishi mdogo kuhusu miiba. Jioni wanakaa tena kwenye duara, kila mtu anaeleza alichojifunza, wengine wanalia. Sicheki machozi hayo. Kijana wa miaka kumi na minane aliyeiona wodi ya watoto kwa mara ya kwanza ana haki ya kulia.

Siku wanayoifurahia kuliko zote ni Jumapili. Misa ya saa mbili na nusu, kwaya mbili, matoleo yanayopanda altareni yakiwa hai na yakipiga kelele, halafu mnada nje ya kanisa. Hapo mgeni anajikuta amenunua jogoo kwa bei ya mbuzi, uwanja mzima ukishangilia, na hana pa kumpeleka. Jogoo anaishia jikoni kwa mama yuleyule wa saa kumi alfajiri.

Hawa hawaji na ubaya wowote. Tatizo ni kalenda. Julai wanaiona Kilombero ikiwa imepumzika, wanarudi kwao wakidhani wameiona Kilombero. Kuanzia Novemba na Desemba familia nyingi zinahamia mashambani bondeni. Wanaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulima na kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori, wengine hadi mavuno. Zahanati inabaki mbali, shule inabaki mbali, na maji yakipanda njia ni mtumbwi. Watafiti wa malaria wameandika sana kuhusu nyumba hizo za shamba, kwa kuwa chandarua kinaning'inizwa kwa shida kwenye dungu lisilo na kuta za maana. Mto Lumemo ukifurika, mitaa ya Ifakara yenyewe inaingia maji. Msimu wa kubeba mtu mgongoni ni huo wa mvua. Msimu huo Ulaya hakuna likizo ya kiangazi.

Bonde hili linawajua wageni wa aina nyingine pia. Mwaka 1921, Wabenediktini wa Kijerumani wakiwa wameondolewa kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakapuchini wa Uswisi walichukua misheni za Dar es Salaam na za huku ndani, pamoja nao masista wa Baldegg. Walikuja kukaa. Walizikwa huku. Kutokana na kazi yao ikakua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na kijiji cha Nazareti kwa wagonjwa wa ukoma, ambako kazi ya kila siku ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji, kesho kuzifungua na kuosha tena. Hakuna picha nzuri ya kazi kama hiyo. Nisiwafanye malaika: walikuja chini ya mkoloni, walikuwa na ukali wao, na ngoma za wenyeji walizitazama kwa jicho baya. Ila walikaa masika yote, mwaka baada ya mwaka, wakaijua lugha, wakaugua homa waliyougua majirani zao.

Mwanabiolojia Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifika Ifakara mwaka 1949 akitafuta mahali pa kuchunguzia magonjwa ya joto. Misheni ilikuwa tayari imemwekea mlango wazi. Mwaka 1957 ikasimama maabara, mwaka 1961 kituo cha kufundisha wahudumu wa afya, na mbegu hiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania. Kanisa nalo likahama mikono: Jimbo la Mahenge lilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2012 Ifakara ikapata jimbo lake yenyewe chini ya Askofu Salutaris Libena. Anayewapokea wageni wa Julai leo ni mwenye nyumba. Hilo baadhi yao huchelewa kulitambua.

Ukiacha kalenda, kuna hesabu ya fedha. Baada ya Kimbunga Mitch kuivuruga Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek alifuatilia nyumba zilizojengwa na makundi ya wamisionari wa muda mfupi kutoka Amerika Kaskazini. Nyumba ambayo shirika la wenyeji lingeijenga kwa takriban dola 2,000 ilijengwa na kundi lililotumia karibu dola 30,000, nauli ikiwa ndani. Ifakara mafundi hawajaadimika. Anayetaka darasa lipakwe rangi ampe kazi fundi wa Kibaoni, naye atalipa ada ya mwanawe kwa fedha hiyohiyo. Sheria yenyewe haioni kujitolea kuwa mchezo: viza ya matembezi hairuhusu kazi, iwe na mshahara au bila, na mmisionari anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C.

Watetezi wa safari hizi husema urafiki ndio faida, na kwa hilo sina ugomvi. Wapo waliokuja wakiwa vijana wakarudi wakiwa madaktari. Basi iitwe ziara ya kujifunza, mgeni alipe mwalimu wake, na mwalimu awe yule mkalimani na yule mama wa jiko, kwa bei inayosemwa wazi kabla ya safari, isiachwe iwe bahasha ya kuaga.

Na safari ya kiangazi ina upande wa pili usiozungumzwa sana. Kila Julai na Agosti, mapadri wa Afrika, Watanzania wakiwamo, wengi wao wakiwa masomoni Roma, husambaa katika parokia za Ujerumani na Austria kushika nafasi za maparoko walioenda likizo. Padri anafika kijiji cha milimani, anakabidhiwa funguo za nyumba, ratiba ya misa, na namba ya simu ya mtunza sakristia. Hapewi brashi ya rangi. Wiki ya kwanza anazika, ya pili anabatiza, katikati anawapelekea wagonjwa komunyo, na mahubiri lazima yawe kwa Kijerumani, hata kama amekesha akiyaandika. Posho anayopata inamlipia vitabu, na nyingine inavuka bahari kununua mabati. Wenyeji wakimpenda wanamwomba arudi kiangazi kijacho. Wakiona Kijerumani chake hakieleweki, wanamwambia paroko, na paroko anamtafuta mwingine.