Je, Wajua? Jiwe la kusugulia magaga huelea

Jiwe la asili la kusugulia magaga, lile jepesi lenye vitundu utakalolikuta bafuni, iwe Tunguu au Mji Mkongwe, si mzaliwa wa Unguja. Kisiwa hiki ni cha matumbawe, volkano hakina. Jiwe lenyewe ni povu la volkano lililoganda na hewa yake ndani. Litie kwenye ndoo ya maji, utaliona linaelea.

Ndiyo maana liliwahi kujileta lenyewe. Volkano ya Krakatoa, Indonesia, ililipuka tarehe 27 Agosti 1883. Mawe yake yakakokotwa na mikondo ya Bahari ya Hindi zaidi ya kilomita 7,000, na Julai 1884 wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe, wakayakuta tele pwani.

Na ukitaka kulitumia jiwe hili, kabla ya kusugua roweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10. Ukimaliza, kausha hadi baina ya vidole, kisha paka mafuta ya nazi. Wembe usiutie kisiginoni, hasa ukiwa na kisukari: mguu wenye ganzi hujikata bila ya mwenyewe kuhisi.