Darasa ndani ya kitochi: jinsi masomo ya simu yanavyoweza kulinda mtaji wako

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa wanaoishi kwa dagaa na migebuka, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi vijiji vya kusini kama Buhingu na Kalya, hiyo ni miezi mitatu bila mzigo.

Mfanyabiashara mdogo akikaa miezi mitatu bila mzigo, mara nyingi kinacholiwa ni mtaji. Ziwa linapofunguliwa, mitumbwi inarudi na dagaa wanapatikana, lakini yeye hana cha kununulia. Ndiyo maana leo tunazungumzia mafunzo ya biashara kwa njia ya simu: yanafanyaje kazi, yanasaidia nini, na mtu ajihadhari na nini.

Darasa la mbali si jambo geni

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Karibu watu milioni mbili walishiriki nchini kote. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, "Chakula ni Uhai".

Simu imeongeza jambo ambalo redio peke yake haikuwa nalo: msikilizaji anaweza kujibu, kuuliza, na kurudia somo saa anayotaka. Mama anayeanika dagaa saa nne asubuhi hawezi kuacha mzigo juani aende darasani mjini, na anayeishi Kalya anahitaji safari ndefu ya boti ili afike Kigoma mjini. Ila somo la dakika tano analiweza akiwa nyumbani, hasa siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa taa hawaingii ziwani na mwaloni kumetulia.

Somo linafikaje kwenye simu?

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni meseji. Unatuma neno kwenye namba ya huduma, unaletewa somo fupi lenye swali, unajibu kwa kuandika namba, linakuja linalofuata. Kitochi kinatosha, na intaneti haihitajiki. Huduma ya Arifu, iliyoanzia Kenya, imefundisha kwa njia hii. Hapa Tanzania masomo yake yaliwafikia wakulima waliokuwa wakitumia M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu iliyoanza mwaka 2014. Walijifunza kwanza maana ya akiba, mkopo na riba kabla ya kubonyeza kitufe cha kukopa.

Ya pili ni somo la sauti. Unapiga au unapigiwa, unasikia mtu akifundisha kwa Kiswahili, na unabonyeza 1 au 2 kuchagua mada. Hii inamfaa asiyesoma vizuri au ambaye macho yamechoka. Sehemu nyingine unabip tu, kisha mtambo unakupigia wewe, kwa hiyo salio lako haliguswi. Uliza kwanza gharama ni ya nani.

Ya tatu ni kundi la WhatsApp. Mwalimu anatuma sauti na picha, wanafunzi wanauliza. Hapa lazima uwe na simu janja na bando. Kama kikundi chenu cha VICOBA kina simu janja moja tu, inatosha: mwenye simu anapakua somo, mnalisikiliza pamoja siku ya kikao.

Somo la kwanza: tenga mifuko miwili

Huko Jamhuri ya Dominika, watafiti waliwafundisha wafanyabiashara wadogo kwa namna mbili. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida, jingine likapewa kanuni chache nyepesi, kama vile kutochanganya fedha za biashara na za nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopewa kanuni nyepesi ndio walioboresha biashara zao zaidi. Masomo ya simu yanafuata njia hiyo hiyo, kwa sababu meseji haiwezi kubeba kitabu kizima cha uhasibu.

Tuone kanuni hiyo inavyofanya kazi mwaloni. Hesabu ifuatayo ni mfano tu, bei weka za kwako.

Tuseme mama ananunua dagaa wabichi wa shilingi 200,000. Kubeba mzigo ni 10,000, vibarua wa kuanika 15,000, ushuru na magunia 10,000, nauli hadi sokoni 15,000. Jumla ametoa 250,000. Anauza kwa 300,000.

Ukimuuliza amepata faida kiasi gani, anaweza kusema laki moja, kwa kuwa anakumbuka bei ya dagaa tu. Faida halisi ni 50,000. Sasa, kwa kuwa anaamini ana laki, wiki hiyo anatoa 60,000 za chakula, ada na msiba wa jirani. Hajafanya anasa yoyote, lakini shilingi 10,000 imetoka kwenye mtaji. Mambo yakienda hivyo safari tano, 50,000 imeondoka. Atasema biashara imekuwa mbaya, kumbe mtaji umekuwa ukivuja kidogo kidogo bila yeye kuona.

Dawa yake ni daftari la shilingi mia chache na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa biashara, na unajazwa kwanza: katika mfano wetu, 250,000 inarudi humo kabla ya kitu kingine chochote. Mfuko wa pili unapokea faida, na nyumbani kunalishwa kutoka humo. Kama una laini mbili za simu, laini moja inaweza kuwa mfuko wa biashara.

Kisha kutoka kwenye faida, tenga kiasi kila safari kwa ajili ya miezi ambayo ziwa linafungwa. Anayetenga 5,000 kwa safari, akifanya safari 30, ana 150,000. Haitamtajirisha, lakini ataweza kuchuuza mawese au unga kwa miezi hiyo mitatu, na mtaji wa dagaa utamsubiri.

Kingine unachoweza kujifunza

Ubora wa bidhaa unaongeza bei. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja hawana mchanga, na wanakauka vizuri kuliko waliomwagwa chini. Somo la simu lenye picha linaweza kukuonyesha kichanja kinavyojengwa, ila kwa mafunzo ya mikono usione aibu kufika chuo cha uvuvi cha FETA kampasi ya Kigoma, au ofisi ya SIDO kwa anayetaka kusindika na kufungasha. Simu inakufungulia mlango, lakini kazi ya mikono inafundishwa kwa mikono.

Kumbukumbu nazo zina faida nyingine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari linaloonyesha kinachoingia na kinachotoka kina maneno ya kusema mbele ya afisa maendeleo ya jamii.

Jihadhari na haya

Penye darasa la kweli hujitokeza na la uongo. Mtu akikwambia ulipe kiingilio ili upate "mkopo wa haraka", au akuombe namba ya siri ya pesa zako, huyo si mwalimu. Hakuna somo la biashara linalohitaji namba yako ya siri. Meseji ya kitapeli itume bure kwenda 15040, na unaweza kupiga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mkopo wa simu nao uogope kama unavyoogopa upepo wa ziwani. Soma riba na siku ya kurejesha kabla ya kubonyeza. Mkopo unaotakiwa kurejeshwa katikati ya miezi ya kufungwa kwa ziwa utalipwa na mtaji wako, si na faida.

Tena, kama simu ni ya familia, kubalianeni mapema nani anaitumia na saa ngapi. Somo lililofutwa kabla hujalisikia halikusaidii.

Anza leo

Ndugu msikilizaji, usisubiri darasa lianze ndipo uanze. Chukua daftari jioni hii, andika ulichotoa leo na ulichopata, hata kama ni shilingi 500 ya kibarua. Fanya hivyo hadi mbalamwezi ijayo. Kisha keti na hesabu zako ujiulize swali moja: nyumbani kwangu tunakula faida, au tunakula mtaji? Ukishalijua jibu, somo lolote litakaloingia kwenye simu yako litakuwa na pa kukaa.