Kuchaji simu bila waya

Kuchaji simu bila waya ni njia ya kujaza betri ya simu pasipo kuchomeka waya kwenye simu yenyewe. Simu hulazwa juu ya kibao kidogo chenye koili ya shaba ndani yake, na nishati huvuka kutoka koili hiyo hadi koili nyingine iliyofichwa nyuma ya simu. Jina lake linaweza kupotosha kidogo. Kibao bado kina waya unaokwenda kwenye soketi, na simu ikiinuliwa sentimita chache tu chaji hukatika. Kinachoondolewa ni ule mguso wa chuma kwa chuma kwenye tundu la chaji.

Kanuni yake

Kanuni inayotumika ni induksheni ya sumakuumeme, iliyogunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Faraday alizungushia nyaya mbili zisizogusana kwenye pete moja ya chuma. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya kipimo kilichofungwa kwenye waya wa pili ilitikisika mara moja, kisha ikatulia ingawa mkondo wa betri ulikuwa bado unapita. Alipoukata mkondo huo, sindano ikatikisika tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Ikadhihirika kwamba sumaku iliyotulia haisukumi umeme katika waya wa jirani. Ni sumaku inayobadilika ndiyo inayofanya hivyo.

Mkazi wa Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya milima ya Uluguru katika njia ya kwenda Mgeta, hahitaji kwenda maabara kuiona kanuni hii ikifanya kazi. Transfoma iliyo juu ya nguzo ya TANESCO inatumia kanuni hiyohiyo. Umeme unaozalishwa Kidatu, katika mkoa huohuo wa Morogoro, husafirishwa kwa msongo wa volti 220,000 hadi mjini Morogoro, kisha hupunguzwa kwa hatua hadi kufikia volti 230 zinazotumika nyumbani. Kila hatua ina transfoma yake, na ndani ya transfoma hizo koili ya kuingizia umeme haigusani na koili ya kutolea. Kwa hiyo umeme wa nyumbani umeshavuka pengo mara kadhaa kabla ya kufika kwenye soketi, na kibao cha kuchajia kinauvusha mara moja zaidi.

Tofauti iko kwenye kiini. Koili za transfoma ya nguzoni zimezungushiwa kwenye kiini kimoja cha chuma, ambacho hupeleka karibu nguvu yote ya sumaku kutoka koili moja hadi nyingine. Kibao na simu havina kiini cha pamoja. Kati yao kuna plastiki, kioo na hewa, na sehemu ya nguvu ya sumaku hupotelea pembeni. Ili kufidia upungufu huo mkondo hugeuzwa kwa kasi kubwa. Umeme wa gridi hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, lakini ule wa kwenye koili ya kibao hukamilisha kati ya mizunguko 100,000 na 200,000 hivi. Kadiri sumaku inavyobadilika haraka ndivyo inavyosukuma umeme mwingi zaidi kwenye koili ya pili.

Safari nzima basi ni ndefu kuliko inavyoonekana. Adapta hugeuza mkondo geu wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu. Kibao huugeuza tena kuwa mkondo geu wa masafa ya juu. Koili ya simu huupokea. Sakiti ya ndani ya simu huunyoosha tena, kwa kuwa betri hujazwa kwa mkondo mnyoofu tu. Kila mgeuzo huacha joto, na ndiyo maana simu iliyolazwa kibaoni huwa na uvuguvugu.

Simu na kibao pia huwasiliana. Kibao kisicho na kitu juu yake hutoa mipigo mifupi ya nishati na kusubiri jibu. Simu yenye koili hujibu kwa kubadilisha kidogo kiasi cha nishati inachovuta, nacho kibao hutambua mabadiliko hayo na kuyasoma kama ujumbe: ongeza, punguza, betri imejaa. Simu ya kitochi ikiwekwa hapo haijibu, hivyo haipati kitu. Hatari iko kwenye kipande cha chuma kilichonaswa katikati, kwa mfano sarafu au funguo, kwa sababu sumaku inayobadilika hukipasha moto. Vibao vinavyofuata kanuni za usalama hutambua upotevu wa aina hiyo na kujizima. Vya bandia haviaminiki katika jambo hili.

Kiwango cha Qi

Miswaki ya umeme ilichajiwa kwa induksheni miaka mingi kabla ya simu. Kilichokosekana ni makubaliano, kwani kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Mwaka 2008 kampuni kadhaa ziliunda umoja wa Wireless Power Consortium, na mwaka 2010 umoja huo ukatoa kiwango kiitwacho Qi, neno la Kichina linalotamkwa "chi" lenye maana ya nguvu ya uhai. Toleo la kwanza lilikuwa la wati 5. Nokia Lumia 920 ya mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo kuuzwa zikiwa na Qi, lakini teknolojia hiyo ilienea hasa baada ya Apple kuiweka kwenye iPhone 8 na iPhone X mwaka 2017. Migongo ya simu hizo ilikuwa ya kioo, kwa kuwa mgongo wa chuma huzuia nguvu ya sumaku. Kiwango cha Qi2 cha mwaka 2023 kiliongeza pete ya sumaku inayoivuta simu ikae katikati ya kibao, jambo lililotibu kero kubwa: mtu kuamka asubuhi na kukuta simu iliteleza kidogo usiku na haikuingia chaji.

Kwa nini hutumiwa, na inagharimu nini

Sababu inayotajwa sana ni urahisi. Sababu nzito zaidi ni tundu la chaji. Waya unaochomekwa na kuchomolewa kila siku hulegeza tundu, nalo hukusanya vumbi na unyevu. Fundi simu yeyote anazijua simu zinazochaji pale tu waya unapokunjwa upande fulani. Simu yenye koili huendelea kutumika hata tundu likifa. Kwa mkulima anayelipwa fedha za nyanya au kabichi kwa simu, simu isiyowaka ni sawa na pochi iliyofungwa na ufunguo kupotea.

Gharama yake ni upotevu wa nishati. Tuchukue betri ya mAh 4,000, ambayo hubeba takriban wati-saa 15. Ikiwa waya unafikisha asilimia 85 ya umeme, zitahitajika wati-saa 18. Ikiwa kibao kinafikisha asilimia 70, zitahitajika karibu 22. Kwa nyumba yenye LUKU tofauti hiyo haina uzito: wati-saa 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, yaani kama sehemu ya nane ya uniti moja. Kwa nyumba ya mlimani inayotegemea sola ndogo hesabu ni nyingine. Paneli ya wati 10 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 50, na baada ya upotevu wa kuhifadhi tuseme zinabaki 40. Kwa waya zinajaza simu mbili kama hiyo. Kwa kibao simu ya pili haijai, na siku ambayo mawingu yameikalia Uluguru hata ya kwanza ni mashaka. Penye sola ndogo, waya bado ni chaguo bora, na kibao kibaki kuwa akiba ya siku tundu litakapoharibika.

Joto nalo huzeesha betri mapema, hivyo haifai kuchaji kibaoni juani au simu ikiwa ndani ya kava nene. Watu wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wanapaswa kuwa waangalifu na simu na chaja zenye sumaku: Apple inashauri umbali wa zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 simu inapochaji bila waya.

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Tanzania hazina koili, ingawa baadhi za daraja la kati, kama Infinix Note 40 ya mwaka 2024, zimeanza kuwa nayo. Kwa zisizo nayo kuna kipande chembamba cha kubandika nyuma ya simu, chini ya kava, chenye pini inayoingia kwenye tundu la chaji. Kipande hicho hakimsaidii mwenye tundu lililokufa, kwa sababu umeme wake hupita humohumo.