Muuguzi na Maswali Kabla ya Kisu

Upasuaji unapofaulu, sifa humwendea daktari aliyeshika kisu, na ni haki yake. Lakini kabla ya kisu hicho kugusa ngozi, ipo kazi kubwa itendwayo kwa maneno, na mtendaji wake hasa ni muuguzi. Ndiye amwulizaye mgonjwa jina lake, alichokula na dawa zinazomdhuru. Ndiye ampimaye shinikizo la damu, amvuaye mapambo na meno ya bandia, na kuhakikisha kwamba fomu ya idhini imetiwa sahihi. Mimi si mtaalamu wa tiba. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba sehemu ya kazi hiyo ni isimu tupu, na kwamba vyuo vyetu havijaipa uzito unaostahili.

Tuchukue suala la chakula. Mtu aliyetiwa nusukaputi hawezi kujikinga kwa kukohoa, hivyo kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni. Daktari Mmarekani, Curtis Mendelson, aliieleza hatari hiyo mwaka 1946 alipochunguza akina mama waliojifungua wakiwa wametiwa dawa ya usingizi. Siku hizi mtu mzima kwa kawaida huacha chakula saa 6, na maji matupu saa 2, kabla ya dawa hiyo. Sasa msikilize muuguzi mwenye haraka: "Kesho ufunge." Kwa Mwislamu wa Lamu, kufunga kuna daku lake. Ataamka kabla ya alfajiri, ale ashibe, kisha aanze kufunga kwa moyo mkunjufu. Na akiambiwa "usile", je, chai ya maziwa huliwa? Chai hunywewa! Mgonjwa huyo hakukaidi amri. Aliitii kama alivyoisikia.

La hatari zaidi ni swali la kukanusha. "Hujala kitu, mama?" "Ndiyo." Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, "ndiyo" hiyo huafiki kauli ya mwulizaji: ni kweli, sijala. Lakini kwa aliyelelewa na Kiingereza cha darasani, jibu lilo hilo laweza kumaanisha, naam, nimekula. Kila ninapowauliza wanafunzi wangu maana ya jibu hili, darasa hugawanyika. Mgawanyiko huo darasani huleta kicheko. Mlangoni pa chumba cha upasuaji si jambo la kuchekesha.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikimuuguza shangazi yangu, nilimsikia muuguzi mmoja wa makamo akiuliza kwa njia nyingine: "Mama, mara ya mwisho kutia kitu kinywani ilikuwa saa ngapi? Hata kama ni uji, chai au maji." Shangazi alifikiri kidogo, kisha akataja kikombe cha chai ya maziwa alichopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili saa kumi na moja alfajiri. Upasuaji uliahirishwa hadi alasiri. Jamaa zangu walinung'unika. Mimi nilitamani kumwalika bibi yule chuoni aje afundishe somo la pragmatiki.

Jina nalo lina mtego wake. Mapema mwaka 2018 taifa lilishtuka kusikia kwamba katika hospitali moja kubwa ya Nairobi mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa ilhali aliyehitaji upasuaji huo alikuwa mwingine. Sidai kwamba swali moja lingaliepusha yote hayo. Lakini ukimwuliza mtu mwenye usingizi na hofu, "Wewe ndiwe Wanjiku?", adabu tu yaweza kumfanya aitikie. Mwulize, "Unaitwa nani? Leo unapasuliwa wapi?", naye hana budi kujibu kwa maneno yake. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 huanzia papo hapo: jina, mahali pa kupasuliwa, aina ya upasuaji, na idhini. Ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na wodi zimejaa. Ni kweli. Lakini swali zuri halili muda kuliko swali baya. Isitoshe, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa si Kiswahili chochote tu, seuze kile cha kutafsiriwa neno kwa neno kutoka kwenye fomu ya Kiingereza.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili na wa uuguzi na waketi pamoja watunge mtihani mmoja wa vitendo. Mwanafunzi aletewe mtu wa kuigiza mgonjwa, ambaye amekunywa chai asubuhi na hana nia ya kusema uongo. Amwulize mpaka chai ile itajwe.