Je, Moto wa Jehanamu Hauna Mwisho?

Mwaka 1861 John William Colenso, askofu wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini, alichapisha ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi. Kituo chake cha Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, kilikuwa katikati ya Wazulu. Aliyakataa katakata mahubiri yaliyodai kwamba wazee wao waliofariki bila kuisikia Injili wanateswa milele. Mwaka 1863 alishtakiwa Cape Town, na kukana adhabu ya milele kulikuwa miongoni mwa mashtaka. Akahukumiwa kuvuliwa uaskofu, ingawa mwaka 1865 hukumu hiyo ilibatilishwa London.

Colenso hakuwa wa kwanza. Katika karne ya 3, Origen wa Aleksandria alifundisha kuwa moto wa Mungu hutakasa, akatumaini kwamba mwishowe viumbe vyote vitarejea kwa Muumba wao. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimpinga kwa hoja nzito: katika Mathayo 25:46 Yesu anataja adhabu ya milele na uzima wa milele kwa pamoja. Anayeiwekea adhabu kikomo, ataachaje kuuwekea uzima kikomo?

Hoja hiyo ilishinda, hasa Magharibi. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimtaja Origen miongoni mwa wazushi. Hata hivyo Gregori wa Nisa, aliyekuwa na tumaini kama lake, anaheshimiwa hadi leo kama mtakatifu.

Leo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1035, inasema jehanamu ipo na ni ya milele, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. Toharani ni jambo jingine: walioko huko wana hakika ya kuokoka. Waadventista Wasabato wanaamini kuwa waovu watateketea wakaisha. Kinachodumu milele ni matokeo ya hukumu, wala si mateso. Mwaka 1995 Tume ya Mafundisho ya Kanisa la Uingereza nayo ilieleza jehanamu kuwa ni kutokuwepo kabisa.

Makanisa yote haya yanakubali kwamba hukumu ipo, na kwamba maisha ya mtu yana uzito mbele za Mungu. Yanatofautiana juu ya mwisho wa aliyehukumiwa. Basi wahubiri wetu, hasa wanaposimama mbele ya wafiwa, wawaeleze waumini tofauti hizo kwa ukweli na kwa huruma.