Mchezo wa redio wa 1951: wazazi wafungiwa ndani ya mbuga ya kubuni

Zaidi ya miaka sabini iliyopita, wakati kompyuta ilikuwa bado haijaingia katika nyumba za watu, wasikilizaji wa redio nchini Marekani walisikia habari ya familia iliyonaswa katika ulimwengu uliotengenezwa na mashine. Ulimwengu huo ulikuwa mbuga ya Afrika, yenye jua kali, tai na simba.

Mchezo huo unaitwa “The Veldt”. Shirika la NBC liliutangaza mwaka 1951 katika kipindi cha Dimension X, kisha likaurudia mwaka 1955 katika X Minus One. Ernest Kinoy ndiye aliyeuandikia redio, kutoka hadithi ya Ray Bradbury iliyochapishwa mwaka 1950 katika gazeti la Saturday Evening Post.

George na Lydia Hadley wana nyumba inayofanya kazi zote: inapika, inavalisha watoto na kuwabembeleza hadi walale. Watoto wao, Peter na Wendy, wana chumba cha kuchezea ambacho kuta zake husoma mawazo na kuyageuza kuwa picha, sauti na harufu. Wakiwaza mbuga, mbuga inatokea.

Shida inaanza pale chumba kinapokataa kubadilika. Kila siku ni simba walewale, wanakula kitu kwa mbali. Wazazi wanasikia mayowe ambayo si mageni masikioni mwao. Baba anaokota ndani ya chumba pochi yake ya zamani, imetafunwa. Mwanasaikolojia anayeitwa kuangalia anawaambia wazi: chumba kimechukua nafasi yenu katika mioyo ya watoto, kizimeni leo.

George anazima. Watoto wanalia, wanaomba dakika moja tu, na mama anamshawishi mume wake akubali. Dakika hiyo inatosha. Watoto wanawaita wazazi chumbani, kisha wanafunga mlango kwa nje. Hapo ndipo George na Lydia wanatambua kwamba mayowe waliyokuwa wakiyasikia yalikuwa yao wenyewe.

Jambo hilo linafaa redio kuliko sinema. Msikilizaji haoni simba, anamsikia tu, na akili yake inamchora. Mashariki mwa Kongo, ambako umeme hukatika na redio ya betri huendelea kusema, watu wanajua vizuri nguvu ya mchezo unaosikilizwa gizani.

Lakini kwa msikilizaji wa Goma au Beni kuna swali lingine: kwa nini Afrika? Bradbury, mzaliwa wa jimbo la Illinois, aliichagua kama mahali pa hatari tupu, pasipo kijiji wala mtu. Sisi tulio jirani na Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925, tunajua kwamba simba wanaishi karibu na mashamba, wavuvi na barabara. Mbuga ya Peter na Wendy ni Afrika ya mtu aliyeijua kwa picha, na hilo nalo ni kunaswa katika ulimwengu wa kubuni.

Teknolojia yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1968, Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichomwezesha mtu kuona maumbo yaliyochorwa na kompyuta. Leo ulimwengu wa namna hiyo unaitwa uhalisia pepe. Hapa kwetu wachache wanayo miwani yake, ila simu imefika hata vijijini, na mzazi aliyejaribu kumnyang’anya mtoto simu anajua kilio cha Peter na Wendy.

Tena, akina Hadley hawakuwa wazazi wabaya. Walitaka watoto wasikose kitu, wakaiachia mashine hata kazi ya kuwalaza. Walipotaka kuirudisha kazi hiyo mikononi mwao, watoto hawakuwatambua tena.

Toleo la 1955 liliongeza simulizi la kutuliza roho: wazazi hawakufa, na familia yote iko chini ya matibabu ya akili. Bradbury, aliyefariki mwaka 2012, hakuwapa wasomaji wake faraja hiyo. Katika hadithi yake, simba wanamaliza kula, na Wendy anamkaribisha mgeni chai.